Kona ya Pili

Kama umewahi kushuka ngazi ya maana hapa mjini Sfax, basi kiganja chako kinamjua Munji Kamuni hata kama jicho lako halijamwona. Ni yule fundi wa reli za ngazi, mtu mrefu mwembamba wa barabara ya Gremda, anayepita na pikipiki yake ndogo akiwa na bomba begani utadhani anakwenda vitani. Watu humpigia honi, yeye hageuki. Mimi ni Shadli, nakereza vyuma karakana ya jirani. Ukuta wangu ndio ukuta wake, na maisha yangu yote ya kazi nimesikia mashine zake kuliko nilivyosikia sauti ya mke wangu. Kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Munji alilelewa kwenye chuma cheusi. Baba yake alikuwa akiunda mageti na madirisha ya nondo, naye akaanza hapo hapo. Kilipoingia mjini hiki chuma kisichoshika kutu, ambacho sisi tunakiita chuma cheupe, kila fundi alikivamia na vifaa vile vile vya chuma cheusi. Reli zikatoka zinang'aa kama vijiko vya harusi. Zikapigwa na pepo za bahari kwa msimu mmoja, vidoa vya kutu vikachomoza kila mahali, na mafundi wakawalaumu waliowauzia bomba. Chuma hakikuwa na kosa. Walikipinda kwenye kalibu ya kupindia iliyojaa vumbi la chuma cheusi, vumbi likajishindilia kwenye ngozi yake, kutu ikaanzia hapo. Munji ndiye wa kwanza mtaani kujenga kiukuta katikati ya karakana: huku cheusi, kule cheupe, na ole wako uvuke na brashi ya waya mkononi. Mimi mwenyewe nilisimamishwa kwa sababu ya soli zangu zilizojaa vumbi la chuma.

"Vua viatu, Shadli."

"Kwani huu msikiti?"

"Msikitini Mungu anasamehe. Bomba halisamehi."

Kupinda bomba anaweza yeyote mwenye mashine. Kulipinda na ngozi yake ikabaki salama, hiyo ndiyo kazi. Bomba likikata kona, upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa. Ukiuvuta mno ule wa nje, unaota vipele kama ganda la chungwa, na kama ulikuwa umeshaung'arisha, mng'aro unafifia pale pale. Ule wa ndani nao unataka kujikunja kama mkono wa kanzu, kwa hiyo nyuma yake huwekwa kipande cha shaba, bomba linateleza juu yake na makunyanzi hayapati nafasi. Shaba, si chuma, maana chuma kwa chuma hung'atana. Wapo wanaoliacha bomba na ile plastiki linayovishwa kiwandani wakidhani inalilinda, kumbe plastiki inakunjamana ndani ya kalibu na kuacha alama zake. Munji huimenya yote. Mshono wa bomba huuelekeza chini, usivutwe, usibanwe, wala usikutane na kiganja cha mtu.

Baada ya yote hayo alikuwa akifumba macho na kupitisha vidole juu ya bomba, polepole, midomo ameikunja. Hapo hata mimi nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Akifumbua macho akasema "twende," kazi imekwisha. Mafundi wa barabara nyingine walikuwa wakimletea mabomba yao ayaguse tu, halafu wanaondoka wameridhika au wamenuna.

Majira ya baridi ya mwaka juzi niliingia kwake asubuhi kuomba msasa. Nikamkuta ameshika bomba lililotoka sasa hivi kusuguliwa na mashine. Nililigusa, nikauondoa mkono haraka, maana lilikuwa linaunguza. Yeye amelikumbatia kwa viganja viwili, ananiuliza habari za watoto.

"Munji, unaungua."

Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Akaliweka bomba chini taratibu, akaufunga mlango.

"Vimeondoka, Shadli," akasema. "Vya kulia vyote. Vya kushoto viwili. Ni ule mtetemo wa mashine, umevila kidogo kidogo. Baridi ikiingia ndiyo basi kabisa, nashika kitu sijui kama nimekishika."

"Zakia anajua?"

"Zakia akijua leo, kesho atajua mama yake, na keshokutwa atajua mwadhini."

Zakia ni mkewe, na nadhani hapo alimsingizia, lakini sikubishana naye. Nilimwona ameshikwa na woga, na Munji mwenye woga sikuwa nimemwona hata siku moja. Akaniambia kuna mtu wa Sakiet anayeitaka mashine yake ya kupindia, amekuwa akiiuliza kila mara. Na kuna kazi moja ameshaikubali. "Nikiimaliza ikapita, naendelea. Ikirudishwa, mashine inakwenda Sakiet, na mimi nakwenda kukaa mlangoni kwa mama mkwe nihesabu pikipiki." Alijaribu kucheka. Nilijua hatanii, kwa sababu Munji akitania huwa hacheki.

Kazi yenyewe ungedhani shetani ndiye aliyemchagulia. Ilikuwa reli ya ngazi ya kituo cha wanawake wasioona, ngazi inayopanda ghorofa kwa kona tatu. Mwenyekiti wao ni Wasila, mwanamke wa makamo, opareta wa simu, mwenye ulimi usiolala. Alikuja mwenyewe karakanani kuagiza, fimbo yake ikigonga mapipa yangu yote ya mafuta njiani.

"Ami Munji, sema ulicho nacho."

"Nina mng'aro wa kioo, dada. Unaweza kujitazama ndani yake."

"Nimekuja kujitazama?"

Nilicheka. Munji hakucheka.

"Sikiliza," akasema Wasila. "Kioo kinanata mkono ukiwa na jasho. Mimi nataka ule wa mistari myembamba, mistari iende na urefu wa reli ili mkono uteleze nayo. Na kwenye kona isikatike, isibadilike. Nyinyi reli mnaishika, sisi tunaisoma. Mkono wangu ukikuta kitu ambacho jana hakikuwepo, unasimama, na mimi nasimama. Halafu wa nyuma ananiangukia, na wa nyuma yake anamwangukia yeye, mpaka juu kwa mpishi."

"Mistari hiyo naipiga baada ya kupinda," Munji akasema. "Nikiipiga kabla, itavutika kwenye kona, hutaipenda."

"Lini unasugua ni shauri lako. Shauri langu ni vidole. Wanasema vyako havina mfano mjini."

Munji aliitia mikono mifukoni. Wasila hakuliona hilo, bila shaka, ila mimi niliona, nikatamani kumwambia aiache kazi. Lakini unamwambiaje mtu aache kitu pekee anachokijua?

Sasa nije kwenye mafuta, maana hapo ndipo penye mambo. Kwetu mafuta ya zeituni ni dawa ya kila kitu. Sikio likiuma, mafuta. Mlango ukilia, mafuta. Mtoto akikohoa, mafuta. Akitokea mtu wa Sfax akanunua dukani kopo la mafuta ya kulainishia mashine huku nyumbani ana mtungi, tutamwombea dua. Kila msimu wa kukamua, mafuta mapya ya Agareb, kwenye shamba la ndugu zake Zakia, yanapofika, mtungi wa zamani lazima umwagwe, na kile cha chini kinakwenda karakanani kwa Munji. Ndicho anachopaka kwenye kile kipande cha shaba ili bomba liteleze. Baba yake alifanya hivyo, naye anafanya hivyo, na kwa kweli hayajawahi kumwaibisha. Ila kila mara alikuwa akichovya kwanza, anasugua tone kati ya kidole na gumba, na akisikia mashapo au chembe za mchanga anamwaga nje.

Siku ya kupinda zile kona tatu nilikuwepo. Alichovya, akasugua, akatazama dari, akasema, "Safi." Nami nikanywa kahawa yangu. Alipinda vizuri, sina la kusema. Upande wa nje ulipoota vipele kidogo, aliusugua kwa mkanda wa msasa, kutoka wa mkwaruzo mkubwa mpaka mwororo, mpaka jicho halikuviona tena. Upande wa ndani wa kona mkanda haufiki sawasawa, kwa hiyo alikata vipande vya msasa akasugua kwa mkono, akiumulika kwa taa. Alimulika sana. Zamani hakuwa akimulika.

Siku ya kufunga reli wanawake wote wa kituo walikuwepo, wamefurahi kama wako harusini. Zakia naye alikuja na kapu la mikate na chupa ya mafuta mapya, maana hapa huendi mahali mikono mitupu. Wasila akapanda akipapasa ukuta mpaka juu, kisha akaanza kushuka na reli. Kona ya kwanza akapita. Kona ya pili mkono wake ukasimama.

"Hapa kuna nini?"

Munji akapanda. Akainama, akachungulia. "Sioni kitu, dada."

"Hata mimi."

Wanawake wakacheka, na yeye akacheka, lakini mkono hakuuondoa. "Huku kwa ndani, chini kidogo. Mikwaruzo, inakwenda na kona. Weka kidole."

Munji akaweka kidole. Akakunja midomo kama zamani. "Naam," akasema. "Nimeisikia. Ni kitu kidogo, nitaipitishia msasa."

Wasila alikuwa amekiwekea kile kidole mkono wake juu, kwa upole, kama unavyomfuata mtoto anayeandika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo, "Ami Munji, umegusa pembeni. Hapo ulipogusa ni laini."

Nilitamani kupiga chafya, kuangusha kitu, chochote. Munji alisimama na kidole chake pale pale. Kisha akasema, na akasema kwa wote kusikia, "Mimi sisikii kitu, dada. Vidole vyangu vimekufa ganzi. Huu mwaka wa pili."

Hebu fikiria. Mtu aliyesifiwa mji mzima kwa vidole, kuyasema hayo mbele ya wanawake waliomwagiza kwa sababu ya vidole.

Wa kwanza kusema alikuwa Zakia, kutoka chini ya ngazi. "Kumbe ndiyo maana umenivunjia vikombe vyote vya mama!" Kisha machozi yakamtoka, na hasira pia, vyote pamoja. "Mwaka wa pili, Munji? Tunalala kitanda kimoja, mwaka wa pili? Mficha maradhi kifo humuumbua, hukuwahi kuambiwa?"

Munji akaifungua ile kona ya pili, akaipakia kwenye pikipiki, akaondoka bila kula. Jioni akanipigia simu. "Mwambie yule wa Sakiet aje Jumamosi na gari." Mimi nilikuwa na namba yake kwa sababu namkerezea vipuri. Nikasema nitampigia. Nikampigia, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa, na usiku ule sikula vizuri.

Kesho yake asubuhi, kabla hata sijawasha mashine, nikasikia fimbo inagonga mapipa yangu ya mafuta.

"Shadli, uko? Nipeleke kwa jirani yako. Nataka kujua ule mkwaruzo umezaliwa wapi."

Tulimkuta Munji anafagia, kazi ambayo hufanya mtu asiye na kazi. Zakia alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikapu chake, haongei naye lakini hataki kuondoka. Wasila hakuwasalimia kwa maneno mengi. Akaomba apewe ile kona, akaisoma. Akaomba kipande cha shaba, akakisoma. Akakirudia kwa ukucha.

"Kuna chembe zimejikita humu. Ngumu. Kona ya kwanza bado hazikuwepo au hazijakaa. Ya pili zimelikwaruza bomba lote lilipokuwa likiteleza. Ya tatu sijui, ila nadhani zilikuwa zimezama zaidi ndani ya shaba, hazikuligusa bomba. Unapaka nini hapa?"

"Mafuta," Munji akasema. "Ya nyumbani."

Akaletewa kopo. Wasila akachovya, akasugua. "Mafuta haya yana mchanga."

Zakia akainuka kama aliyechomwa na sindano. "Dada, nakuheshimu. Lakini mafuta ya Agareb? Ya mizeituni ya babu yangu? Mchanga?"

"Chovya mwenyewe."

Zakia akachovya. Akasugua kati ya kidole na gumba, akasugua tena, uso wake ukabadilika. "Ni mchanga wa mtungi," akasema hatimaye. "Si wa mzeituni."

Hapo hata Munji alicheka, kicheko kidogo kilichomtoka bila ruhusa. Halafu akakaa juu ya sanduku, akaelewa. Mkono wake haukuwa umeharibu kazi kwenye msasa, wala kwenye mashine. Kosa liliingia pale pale kwenye tone la mafuta, kitu kidogo alichokuwa akikijua kabla hajaota ndevu, na ambacho vidole vyake haviwezi tena kumwambia.

"Basi ndivyo," akasema. "Na kesho yatakuwa mafuta, keshokutwa kitakuwa kitu kingine. Fundi asiyesikia kazi yake ni kipofu." Akajishika mdomo. "Nisamehe, dada."

"Nimesikia mabaya zaidi kutoka kwa wenye macho," Wasila akasema. Akageuka aliko Zakia. "Umeusikia mchanga kwa tone moja. Wewe unaviringisha chembe za kuskusi kwa mkono?"

"Kila Ijumaa, tangu nikiwa msichana."

"Chembe mbichi na chembe iliyoiva unazitenganishaje?"

"Kwa vidole. Kwani kuna njia nyingine?"

Wasila akampa ile kona iliyoharibika, akamshika mkono, akampitisha. Hii ndiyo mikwaruzo. Hivi ndivyo vipele vya chungwa, vimebaki viwili vitatu kwa nje, umevisikia? Huu ndio mwelekeo wa mistari, ukienda nao unateleza, ukiukata unakamata. Zakia alikuwa akiitikia "ehe, ehe," na uso wake umetulia. Munji aliwatazama wote wawili, nami nikamwona anapambana na kitu moyoni.

"Karakana si jiko, Zakia," akasema.

"Na mimi sijaomba kupika. Umeficha, umeficha, tazama ulipofika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wewe hata hicho kimoja huna."

Hakuna mtu mwingine mji huu angeweza kumwambia hivyo akabaki salama. Munji aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda kwenye mashine, akaanza kukifuta kile kipande cha shaba, na nikajua ameanza kazi.

Akakisawazisha kwenye msasa mpaka chembe zote zikatoka. Zakia akafungua kikapu, akatoa chupa ya mafuta mapya, yale ya kwanza ya mwaka, ya kijani, ambayo sisi huyachovya mkate na kufumba macho. Nikamwambia huo ni wazimu, mafuta kama yale hayapewi mabomba. Akaniambia niende nikakereze. Akayachuja kwa kitambaa, akasugua tone, akasema, "Paka." Munji akapaka, akapinda. Bomba jipya likatoka kwenye kalibu limekata kona. Akalisafisha mafuta yote kwa kitambaa, maana mafuta yakibaki hula msasa na kuacha mabaka. Akasugua, mkanda kwa mkanda, na kila alipobadilisha mkanda akasimama, na Zakia akavua viatu mlangoni mwa ule upande mweupe, akaingia, akapitisha mkono.

"Bado. Hapa kwa nje, kama ngano iliyosagwa vibaya."

"Wapi?"

Akamshika kidole akakiweka. Munji hakusikia kitu, lakini alijua pa kusugua, na jinsi ya kusugua hakuna wa kumfundisha. Waliendelea hivyo mpaka adhuhuri, wakinung'unikiana kama watu waliooana jana. Niliona wivu, nasema kweli. Mke wangu hajawahi kuingia karakanani kwangu ila kuuliza nitarudi lini.

Ijumaa mchana, baada ya kuskusi, tukaifunga ile kona. Safari hii hapakuwa na sherehe. Zakia alisimama chini amefumba mikono ndani ya shali. Munji alikaa kwenye daraja la mwisho, ameipa ngazi mgongo, hakutaka kuangalia. Mtu wa Sakiet alikuwa anakuja kesho na gari lake. Sote tulilijua hilo, hakuna aliyelitaja.

Wasila akaanza kushuka, na tangu daraja la kwanza akawa analalamika. Alikuwa amekwenda sokoni asubuhi kununua pweza, na muuzaji alikuwa amemwekea pweza wa juzi akidhani asiyeona hana pua. Akapita kona ya kwanza akieleza alivyomnusa yule pweza. Akapita madaraja yanayofuata akieleza alivyomwambia muuzaji amnuse yeye mwenyewe. Mkono wake ukaifikia kona ya pili, ukazunguka nayo, ukaendelea, na yeye yuko kwenye maneno ya muuzaji, anayaigiza kwa sauti ya pua, na jinsi watu walivyokusanyika. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Akapita kona ya tatu. Akafika chini, fimbo yake ikagusa mgongo wa Munji, akasimama.

"Mbona mmenyamaza? Mnataka kujua mwisho wa pweza au hamtaki?" Kisha akakumbuka. "Haya, nimefika wapi? Hiyo kona ya pili ni ipi?"

Munji aligeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Umeshaipita, dada," akasema.

Mimi sikungoja kuambiwa. Nilitoka nje nikampigia mtu wa Sakiet, nikamwambia asije, mashine ina kazi.